Ukoo wa Gari la Ami

Kwanza nawaomba radhi kwa mwandiko wangu na kwa makosa ya herufi. Shule niliishia darasa la saba, kule Tabora, na tangu tuhamie Ibra kalamu naishika kazini tu, pale ghalani ninapoandika mabomba ya maji yaliyoingia na yaliyotoka. Naandika polepole sana. Bibi yangu, mzaa baba, akipita akanikuta nimeinama juu ya karatasi huuliza kama wino umeganda au nimelala. Lakini mbele ya watu ulimi hunikauka, siwezi kumaliza hata hadithi fupi. Kwa hiyo mnivumilie hapa, ambapo hakuna anayenitazama.

Nataka kuandika habari za gari la ami yangu.

Ami ni ndugu mdogo wa baba, na ndiye aliyetuleta Oman mimi na bibi, mama yake, wakati baba alipobaki nyuma na duka. Tulifika mwanzoni mwa miaka ya sabini, na kitu cha kwanza alichonunua hakikuwa godoro. Kilikuwa gari. Alilikuta Matrah kwa mtu aliyekuwa akihama, na alisema gari ndilo lililomtazama yeye kwanza. Lilikuwa dogo, rangi ya chai ya maziwa, la Kijapani, ila si katika hayo ya Kijapani yaliyojaa barabarani siku hizi. Jina lake silitaji, kwa sababu waliolitengeneza wapo na sipendi waone nawasema. Aliyewahi kuwa nalo atalitambua kwa sifa moja: injini yake iko nyuma. Mbele, pale ambapo kila gari huweka injini, pana sanduku la mizigo.

Magari haya yalitengenezwa miaka michache tu, kisha yakaachwa. Sisi hatukujua. Ami alipolinunua lilikuwa limeshakuwa yatima, na aliyemuuzia hakulisema hilo. Tulianza kushuku siku ilipong'oka alama ya mbele, duara la chuma lenye kitu mfano wa bawa ndani yake. Ami alizunguka maduka ya vipuri ya Matrah kutafuta nyingine, na kila muuzaji alimtaka arudie jina la gari, kisha akamwita mwenzake aje alisikie na yeye. Akarudi Ibra amenuna, akachukua kifuniko cha kopo la samli, akakibandika kwenye tundu. Tangu siku hiyo watu wakaliita gari la samli, na wapo walioamini kabisa kwamba wauza samli ndio waliolitengeneza.

Ugonjwa wake ulikuwa mmoja. Pampu ya petroli ikishika joto hugoma, na gari husimama pale pale, liwe bondeni au mlangoni kwa mtu. Dawa yake ni kuifunika pampu kwa kitambaa kibichi na kungoja. Hakuna jingine. Ukilisukuma halitaki, ukilitukana halitaki. Mtu pekee aliyelipenda bila masharti ni bibi, ambaye alikaa kiti cha nyuma kwa sababu joto la injini lilimtibu kiuno.

Dereva nilikuwa mimi, kwa kuwa ami akishika usukani husalimia watu kwa mikono miwili.

Sasa, mwaka mmoja tulialikwa harusi Mudhaibi. Huko bibi alikutana na mama mmoja kutoka Sur, upande wa Aija, aliyezaliwa Unguja kama yeye, na wakazungumza Kiswahili mpaka biriani ikapoa mbele yao. Mama yule alikuwa na binti. Ilipofika saa ya kuondoka bibi akasema tuwafikishe kwa jamaa zao walikofikia, si mbali. Wakaingia nyuma pamoja na bibi. Tukaenda kidogo, gari likasimama.

Nikashuka na kitambaa changu na kopo la maji. Binti naye akachungulia dirishani, ushungi umemfunika mpaka kwenye nyusi.

"Kaka, ukilipiga teke haliwaki?"

Nilikuwa na majibu mengi, lakini hakuna hata moja lililotoka.

"Labda na yeye pampu yake imeshika joto," akamwambia mama yake.

Mama akamkemea, bibi akacheka mpaka akakohoa. Mimi nikaendelea kuitazama pampu kama mtu anayesoma. Tulipofika nyumbani Ibra bibi alisema, "We mtoto kila siku huna maneno, lakini leo ulinyamaza vingine." Nami nikanyamaza vingine tena, naye akajua.

Mashauri ya wanawake yakaanza, salamu zikienda na kurudi na madereva. Mama wa binti hakukataa. Binti mwenyewe, tukaambiwa, alipoulizwa alisema, "Yule bubu? Haya." Lakini mwenye kukata shauri ni babu yake, baba wa baba yake, mfanyabiashara wa Aija, mtu mkali. Bibi akapanga mambo kwa utaratibu. Kwanza twende kwa salamu tu, tujulikane, tusiguse habari ya posa hata kwa mbali. Baada ya miezi kadhaa twende tena na zawadi. Ndipo mara ya tatu watu wazima waende wakaseme.

"Salamu tu," akamwambia ami. "Umenisikia?"

"Salamu tu, mama."

Tukatoka Ibra alfajiri. Siku hizo njia ya Sur ilikuwa vumbi na mawe, mnapita mabonde makavu mkitafuta alama za magurudumu ya waliotangulia. Tulipofika Bidiya gari likasimama kwa mara ya kwanza, mbele ya nyumba ya mzee ambaye hatumjui wala yeye hatujui. Wanaume wakatoka kutusaidia. Mmoja akafungua mbele, akaona sinia ya halua, kikapu cha tende na viatu vya akiba vya ami.

"Injini yenu imeibwa!" akapiga kelele.

Mzee mwenye nyumba akasoma innalillahi.

"Iko nyuma," ami akasema.

"Nyuma yuko mama."

"Iko nyuma ya mama."

Wakaja wote kutazama, na bibi akawa anawapokea kama mwenye nyumba. Sasa huku kwetu mtu akiharibikiwa mlangoni kwako huyo ni mgeni wako, hakuna mjadala. Tukaingizwa ndani. Zikaja tende, ikaja kahawa. Kahawa ya hapa kikombe chake ni kidogo kama nusu ya ganda la limau, na mwenyeji hatoacha kukujazia mpaka ukitikise. Ami alikuwa ameshakaa Oman miaka, lakini hakupenda kutikisa mapema. Aliona ni kama kumwambia mwenyeji kuwa kahawa yake mbaya. Mimi nilikuwa nje na pampu, nikinywa kimoja na kurudi. Yeye alikunywa kwa niaba yetu sote.

Pampu ilipopoa tukaaga. Mbele kidogo likasimama tena, karibu na njia inayopandia Wadi Bani Khalid, na watu wa pale wakafungua mbele, wakaona halua, wakatusikitikia kwa wizi. Tende, kahawa. Tulipofika mji wa Kamil ikawa vile vile, na huko waliongeza na mkate wa asali. Kwingine hata gari halikusimama vizuri, lilikohoa tu, na watu walishatoka na birika. Ami alianza kukaa upande upande. Alifungua mshipi wa jambia tundu moja, kisha la pili.

"Ami, tikisa kikombe," nikamwambia.

"Mwanangu, nitamwaibisha mtu nyumbani kwake?"

Tulipoiona Sur gari likazima kwa mara ya mwisho, katika kiteremko kinachoshukia hori, ulimi wa bahari. Aija iko ng'ambo ya pili ya maji, na sisi tulikuwa tuliache gari upande huu tuvuke kwa mashua. Basi tukalisukuma mpaka ufukweni, mimi na ami, ami na joho lake na jambia lake, bibi ndani akitupa maelekezo.

Babu wa Aija alitupokea vizuri. Alikuwa mzee mfupi, mkavu, macho kama ya mtu anayepima kitambaa. Bibi akaingia kwa wanawake, sisi tukakaa majlisi, chumba cha wageni wanaume, na baina ya majlisi na ndani palikuwa na pazia tu. Tukaulizana hali, tukaulizana habari za mvua na za njia. Mzee alikaa Unguja ujanani, kwa hiyo alisema na sisi kwa Kiswahili. Kisha akachukua birika kwa mkono wake mwenyewe, akajaza kikombe, akampa ami.

Ami akakipokea. Akakitazama. Akakiweka chini, hakukigusa.

Wasiojua niwaeleze. Kwa Waarabu wa hapa mgeni akipewa kahawa akaiweka chini bila kuinywa, maana yake amekuja na ombi kubwa, na hatoinywa kahawa ile mpaka ajibiwe. Ni jambo zito. Mimi nililiona Mudhaibi mara moja, watu walipokwenda kuomba suluhu. Ami hakuwa na ombi. Ami alikuwa amejaa.

Mzee akaweka birika chini polepole, akakaa vizuri.

"Sema," akasema. "Ukitakacho kikiwa mkononi mwetu utakipata."

Ami akanitazama mimi. Mimi nikatazama zulia. Nilimwona akielewa, kidogo kidogo, jasho likianzia chini ya kilemba. Akisema hataki kitu, atakuwa ameitukana kahawa ya watu. Akiinywa sasa, atakuwa amewachezea. Na hata angetaka kuinywa, hakukuwa na pa kuiweka.

"Tumekuja," akasema, akasita, akasafisha koo, "tumekuja kumwombea kijana wetu huyu mjukuu wako."

"Leo?" sauti ya bibi ikatoka nyuma ya pazia.

Watoto wa kiume wa mzee wakatazamana. Mzee hakushtuka. Akamuuliza ami ukoo wetu, ami akautaja baba kwa baba mpaka alikoishia, na mzee akawa anatikisa kichwa kila jina, mawili akamsahihisha. Nikadhani yamekwisha.

"Nyinyi nakujueni," akasema. "Sasa gari."

"Gari?" ami akauliza.

"Nilikuwa darini na darubini. Nimekuoneni mkilisukuma. Gari lenu la nani?"

"Langu."

"Siulizi hivyo. Nani baba yake? Nimetazama uso wake nikaona maandishi ya samli."

Wakacheka wale watoto wake. Ami akaeleza kwamba ni la Kijapani, akalitaja jina. Mzee akawageukia wanawe, hakuna aliyewahi kulisikia.

"Lina ndugu?" akauliza. "Umepata kuona jingine kama hilo, hapa, Ibra, popote?"

Ami akakiri hajaona.

"Basi likivunjika mguu litaazima wa nani?" Sauti yake haikuwa ya mzaha tena. "Sikiliza. Dada yake huyu binti tulimwoza mbali. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama. Siku zake zilipokaribia mumewe akamtia garini kumleta, gari likawafia bondeni, na mtoto akazaliwa baina ya mawe, akapokelewa na mwanamke mpita njia. Alhamdulillahi wote wazima. Lakini mke wangu mpaka leo akisikia gari usiku huamka. Mimi huyu wa pili simtoi kwa gari lisilo na watu wake. Litamrudishaje?"

Mzee akakichukua kile kikombe kilichojaa, akakimwaga, akakipangusa, akakiweka peke yake rafuni juu ya saa.

"Hiki kitawangoja. Mkirudi na ukoo wa gari mtakinywa. Na siku hiyo aseme mwenyewe." Akaninyooshea kidole. "Nimemwona ana mdomo."

Wakati wa kutoka, binti alisimama mlangoni na mama yake kumsindikiza bibi. Nikapita kichwa chini. Nikamsikia akimwambia bibi kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima, "Bibi, gari likiwa bubu si neno. Mwambie dereva yeye asiwe."

Njiani kurudi bibi hakusema na ami mpaka Kamil. Huko gari likasimama, ikaja kahawa, na ami akatikisa kikombe kabla hakijajazwa.

Sikulala vizuri wakati ule. Nilikuwa na shida ambayo sikujua itatatuliwa na nani: nilitafutie gari jamaa zake. Nilimuuliza kila dereva aliyekuja ghalani. Nilimuuliza fundi Mhindi wa Ibra, ambaye aliogopa hata swali. Ami alisema auze gari anunue jingine, lakini mzee aliuliza juu ya hili, na kurudi na jingine ingekuwa kama kusema kweli halikuwa na watu. Nami, niseme kweli, nililionea uchungu. Limekuja nchi ya watu, jina lake hakuna anayelijua, na kila anayeliona analiuliza wewe wa nani. Sisi tuliokuja kutoka bara tulijua maneno hayo. Mara ngapi sokoni nimeulizwa mimi.

Kisha kazini wakanituma Nizwa na lori kuchukua mabomba. Tulilala huko, na asubuhi yake ilikuwa Ijumaa, siku ya mnada wa mbuzi. Dereva wa lori alitaka kununua mmoja. Wauzaji huzunguka na mbuzi wao kwenye duara na wanunuzi wamekaa, na mimi nikajilazimisha, nikamuuliza kila aliyepita mbele yangu kama amepata kuona gari lenye injini nyuma. Wengi walidhani nataka kubadilishana na mbuzi. Mzee mmoja mnene akasimama, akashika mbuzi wake kwa sikio.

"Lenye injini mkiani? Dogo?"

"Ndiyo."

"Huyu amezaliwa ndani yake," akasema, akimwonyesha mbuzi.

Alitupeleka shambani kwake, ndani ya mitende, kando ya mfereji wa falaj. Na pale, mwanangu wewe, lilikuwepo. Rangi nyingine, magurudumu hayapo, lakini uso ule ule, macho yale yale. Mbuzi jike mkubwa alikuwa amekaa kiti cha dereva akitafuna kitambaa cha mlango, na alinitazama kama nimemsimamisha njiani. Mbele, safi kabisa, duara la chuma lenye bawa. Nililishika kwa mkono.

Mwenye mbuzi alicheka sana. Akaleta kahawa, tukakaa chini, akatueleza. Kabla ya nchi hii kufunguka, watu walipokuwa wakitoka kutafuta kazi nje, alikuwa Kuwait, mlinzi wa duka la magari, na duka lenyewe ndilo lililoleta magari haya. Alisikia kila kitu kwa sababu mlinzi hukaa mlangoni. Waliolitengeneza, alisema, kazi yao ya asili ni malori. Walitaka na wao wawe na gari dogo la watu na watoto wao. Wakaenda wakajifunza kwa Wafaransa, ambao nao walikuwa na gari lenye injini nyuma, wakatengeneza la Wafaransa kwanza, kisha wakatoa hili la kwao wenyewe. Wakalipenda sana. Watu hawakulinunua sana. Baada ya miaka michache kikaja kiwanda kikubwa kuliko chao, wakafunga udugu nacho, na kile kikubwa kikasema: magari madogo tutengeneze sisi, nyinyi rudini kwenye malori yenu.

"Wakakubali?" nikauliza.

"Wangefanya nini? Wakaliacha. Lile duka letu likabaki na haya mawili ambayo hayana mnunuzi. Moja nikapewa mimi badala ya zawadi ya kuagwa, nikaja nalo mpaka hapa, hapa likasimama. La pili hatujui lilikokwenda."

Nikajua mimi lilikokwenda. Au nikataka kujua hivyo.

"Kwa hiyo kiwanda chake kilikufa."

"Nani kasema kimekufa? Kipo, kinatengeneza malori. Wewe umekuja Nizwa na nini?"

"Na lori."

"Umelitazama usoni?"

Sikumaliza kahawa. Nilikimbia mpaka barabarani, dereva nyuma yangu akidhani lori limechukuliwa. Katikati ya uso wake, kubwa kama sinia, lilikuwepo duara lile lile na bawa lile lile. Nilikuwa nimekaa ndani yake kutoka Ibra.

Mwenye mbuzi alinipa pampu na alama ya mbele. Nilipomuuliza kama hatolihitaji gari lenyewe akamtazama yule jike kwenye usukani, akasema, "Huyu haendi popote." Alinizuia kitu kimoja tu, viti, kwa sababu mbuzi wameshazoea.

Nikafunga pampu ile, nikang'oa kifuniko cha samli, nikaweka alama mahali pake. Ami alizunguka gari kama bwana harusi. Tukaondoka tena kwenda Sur, na safari hii bibi alitoa amri kwamba hakuna atakayetia kitu mdomoni kabla ya Aija. Haikuwa rahisi, kwa sababu gari halikusimama. Lilikwenda kama limesahau ugonjwa wake. Bidiya yule mzee alitusikia tangu mbali, akatoka na birika, akasimama katikati ya njia.

"Mbona hamharibikiwi?" akauliza, na alikuwa ameudhika kweli. "Kuna nini baina yetu?"

Ami akamwapia kwamba tutaharibikiwa wakati wa kurudi, inshallah. Kamil tulipita tukipunga mikono, na watoto wakalikimbiza gari wakituonyesha nyumba za kusimama.

Tulipofika ufukweni palikuwa na lori likishusha magunia ya mchele kwa ajili ya Aija. Nikatazama uso wake. Nikaliegesha gari letu ubavuni mwake, yametazama maji, tukavuka.

Majlisi ilikuwa imejaa. Kikombe kilikuwa rafuni, juu ya saa. Mzee akakishusha, akakiosha kwa maji mbele yetu, akakijaza, akaniwekea mimi. Kisha akasubiri, na wote wakasubiri, na nyuma ya pazia vikuku vikaacha kulia.

Ulimi ukanikauka. Nilitazama zulia, nikaona ni lile lile. Nikafikiri juu ya yule mbuzi kwenye usukani, sijui kwa nini, akaniondolea hofu kidogo.

"Babu," nikasema. "Gari lina baba. Baba yake yu hai."

"Yuko wapi?"

"Japani. Ameacha kuzaa wadogo, anazaa wakubwa tu. Wadogo walikuwa wachache, na mmoja yuko Nizwa, ndiye aliyetoa pampu. Na kaka yake mkubwa..." hapa pumzi ikaniishia, nikaivuta tena, "kaka yake mkubwa yuko ng'ambo hapo, anashusha mchele wako."

Mzee akainuka, akapanda darini. Tulisikia nyayo zake juu ya vichwa vyetu. Ami alikuwa akikitazama kikombe changu kwa uchungu, maana hakuwa ameonja kahawa tangu alfajiri. Mzee akakaa huko juu muda mrefu. Aliporudi alikuwa na darubini shingoni.

"Paji la uso ni moja," akawaambia wanawe. Akanigeukia. "Nizwa amekupa pampu nani?"

"Mtu wa mbuzi. Gari lake wanalala mbuzi."

"Na mbuzi wamekubali?"

"Pampu wamekubali. Viti wamekataa."

Ndipo alipocheka, na ndani kukachekwa pia, na kicheko kimoja nilikijua. Mzee akafuta macho. "Siku zake zikifika," akasema, "utamleta kwa mama yake?"

"Nitamleta."

"Kwa gari hilo?"

"Kwa hilo hilo, babu."

"Kunywa."

Nikanywa. Ilikuwa imepoa na sijapata kunywa kahawa nzuri kama ile. Ami akapewa yake, akanywa mpaka mzee akamuuliza kwa upole kama ameharibikiwa mahali.

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Tulioana, na yeye ndiye aliyekaa karibu nami sasa akisema jibu lake nimeliandika vibaya, hakusema "haya", alisema "haya basi". Kwake nimeanza kuwa na maneno. Bibi anasema nimekuwa na mengi kupita kiasi.

Lakini sikuandika yote haya kwa kujifurahisha tu. Mke wangu siku zake zinakaribia. Barabara siku hizi ina lami, na kila mtu Ibra anataka kutupa gari lake, jipya, lenye baridi ndani. Yeye hataki, na mimi sitaki. Mzee ameshaanza kupanda darini na darubini, anatuma salamu na madereva wa malori kuuliza tutatoka lini. Na pampu ya mbuzi, wiki iliyopita, imeanza kushika joto. Nilikwenda Nizwa. Gari la kule limebaki milango na viti, na jike mwingine kwenye usukani.

Kwa hiyo wasomaji, popote mlipo, Mombasa, Tanga, Bujumbura, Unguja, kama nyuma ya nyumba yako kuna gari dogo lenye injini mkiani na bawa kwenye paji la uso, hata kama wanalala kuku, niandikie. Andika kupitia hapa hapa, wanaochapisha haya watanifikishia. Usijali mwandiko, umeshauona wangu. Niambie kama pampu ipo. Na kama pampu haipo, niandikie vile vile uniambie gari liko wapi na limefikaje huko, nipate kumwambia babu kwamba lina ndugu mwingine. Ila uandike upesi. Mimi ndiye ninayeandika polepole.